Madumu ya Veneranda

Veneranda alizaliwa Mbuji, juu kabisa kwenye milima ya Wamatengo, ambako maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ya kijito cha kuoshea kahawa. Alipoolewa na Othmar na kuteremka naye hadi Ngumbo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa kule walimpa mwaka mmoja tu. Walisema mtu wa milimani hawezi kupata usingizi akisikia mawimbi. Alilala fofofo. Alijifunza kuanika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja, akajua kuutenga uliokauka kweli na ule unaodanganya, na samaki wa mbasa aliwapika bila kuwavunja. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kuogelea. Watoto wake mwenyewe walipiga mbizi na kuibuka mbali wakimcheka, naye maji yakimfika magotini aligeuka akarudi.

Othmar alipotaka kuacha mtumbwi na kuingia kwenye kazi ya kubeba abiria, miaka ile serikali ilipolegeza kamba na kila mwenye nguvu akaruhusiwa kufanya biashara yake, aliyetoa mbao za boti ni baba yake Veneranda. Mzee alikata miti yake kule Mbuji, ikapasuliwa hukohuko, ikateremshwa kwa lori lililokuwa linafuata samaki. Siku ya kuishusha boti majini alisimama mbele ya ukoo mzima wa mkwe wake akasema mbao zile ni za binti yake, na kitakachotokana na mbao ni chake pia. Watu walicheka, wakadhani ni pombe inayosema. Iliwachukua miaka kuelewa kwamba mzee alikuwa na akili zake timamu.

Othmar alikufa mwezi wa Oktoba. Hilo ndilo lililowashinda watu kulimeza. Mwera, upepo wa kusini unaolichafua ziwa tangu Mei hadi Agosti, huwa umekwisha, na mvua za radi bado ziko mbali. Oktoba ziwa hulala. Ni mwezi wa harusi na wa kutembeleana, hata wajawazito hupanda boti bila kuuliza. Othmar alikwenda na mdogo wake, Pankras, kutazama nyavu kwa mtumbwi, na upepo ukatoka mahali ambapo haukuwa na desturi ya kutoka. Mtumbwi ulipinduka. Ndani yake mlikuwa na dumu moja tupu la mafuta ya kula, la yale ya njano. Pankras, aliyekuwa karibu nalo, alilikumbatia, mawimbi yakamtupa nchi kavu akiwa hai. Othmar, ambaye hakuna mtu kijijini aliyemshinda kuogelea, aliogelea mpaka mikono ikamkatalia.

Wazee walisema ni ajali, jambo la mara moja, ziwa nalo lina siku yake ya wazimu. Ila mwaka uliofuata zikaja zile mvua kubwa ambazo redio ilikuwa inaziita Elinino. Ziwa likafura. Likapanda likachukua vichanja vya usipa, likala mashamba ya mihogo ya ufukweni mpaka njia ya kwenda kanisani ikawa inapita majini. Mvua zilipokwisha, mawimbi hayakurudi kuwa yale ya zamani. Siku nyingine yalifika pasipo upepo wowote, marefu na mazito, kama yametumwa na dhoruba ya mahali pengine.

Ndipo bwana samaki wa wilaya, kijana mpole aliyeitwa Frederick, alipokuja kwa pikipiki kutoka Mbinga akafanya mkutano shuleni. Aliwaeleza kwamba dunia inapata joto, maji ya maziwa na bahari nayo yanapata joto, na joto hilo linasukuma pepo. Huenda dhoruba zitakuwa chache kuliko zamani lakini kali zaidi. Huenda zitahama miezi yake. Huenda mawimbi yatakuwa marefu na kuja kwa pembe nyingine, yakaula ufukwe ambao haukuwahi kuliwa. Mzee mmoja alimtaka aseme hasa ni lini. Frederick akajibu kwamba hakuna anayeweza kusema, wataalamu wenyewe bado wanabishana, huenda hata baadhi ya miaka itakuwa shwari kabisa. Mkutano ulikwisha kwa vicheko. Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Huenda.

Veneranda hakucheka. Alirudi nyumbani akiwa amelibeba neno lile kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae. Alijiuliza: msomi hajui, wazee waliozaliwa hapa hawakujua Oktoba ile, je, boti yangu inaondoka kila asubuhi kwa kumwamini nani? Alikaa na swali hilo siku kadhaa. Kisha akaanza kuokota madumu.

Hayakuwa adimu. Tangu maduka ya watu binafsi yafunguke, mafuta ya kula yalikuwa yanamwagika kutoka Songea na Mbinga katika madumu ya njano, na kila nyumba ilikuwa na moja la kuchotea maji na jingine la pombe. Yeye alitaka yale madogo, ya lita tano. Alizunguka akiyaomba, akayaosha kwa majivu, akayajaribu moja moja kama vifuniko vyake vinabana. Alikata tyubu za magari kuwa mikanda, akafunga dumu moja la kifuani na jingine la mgongoni, akavaa mwenyewe na kuingia ziwani mbele ya watu waliokuwa wakifua. Maji yalimfika magotini, yakamfika kiunoni, kisha akakunja miguu. Alielea. Alielea vibaya, kichwa upande, kama kuku aliyefungwa wa kupelekwa mnadani, na wafuaji walicheka mpaka nguo zikawaponyoka. Lakini alielea.

Alitoka akatangaza sheria yake: hakuna atakayepanda boti ile bila madumu, awe mtoto, awe padri.

Wa kwanza kukataa alikuwa nahodha wake. Pankras alikuwa ameushika usukani tangu kaka yake azikwe, na alikuwa mtu wa maneno machache asiyemsumbua mtu. Siku ile alimwambia shemeji yake kwamba hatavaa takataka zile. Kama anamtaka avae, atafute nahodha mwingine. Veneranda alidhani ni kiburi cha wanaume wa ziwani, akamwambia hivyo. Pankras alichokonoa rangi ya boti kwa ukucha.

"Lilikuwa moja, shemeji," alisema mwishoni. "Yeye alikuwa upande ule, mimi upande huu. Lilikuwa moja tu. Kila nikiona dumu, namwona yeye."

Veneranda hakuwahi kumlaumu kwa hilo hata siku moja, na alijua Pankras anajua. Aliinama akachukua jozi iliyokuwa miguuni pake.

"Ndiyo maana sasa yako mengi," alisema.

Pankras aliipokea. Hakuivaa siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu Veneranda alimkuta tayari yuko kwenye usukani na mikanda imebana kifua chake, macho ameyatupa mbali.

Abiria ndio waliokuwa taabu. Wengi walihamia kwa Nazari, mwenye boti nyingine ya pale, aliyekuwa akiwapokea kwa kuwaambia kwamba kwake hakuna mtu anayevishwa kama punda wa maji. Boti ya Veneranda ikawa inaondoka nusu tupu. Mama mkwe wake, bibi Ottilia, hakusema lolote, lakini ukoo ulisema mengi: kwamba mwanamke wa milimani anawaaibisha, anamchuria Pankras kifo, anaua kazi aliyoiacha marehemu. Walimtaka aikabidhi boti kwa wanaume. Veneranda aliwakumbusha maneno ya baba yake kuhusu mbao, akaendelea kuosha madumu.

Oktoba ilipofika, kwaya ya kigango ilialikwa Mbamba Bay kwenye sherehe ya Mama wa Rozari. Boti ya Nazari ilikuwa imeharibika injini, ikabaki ile moja. Wanakwaya waliteremka ufukweni asubuhi wamevaa sare mpya za bluu zilizopigwa pasi zikasimama, wakiongozwa na Mwalimu Hedwiga. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliyezoea kumtii askofu peke yake. Alipoyaona madumu alisema hawezi kufika mbele ya watu na kwaya inayonuka mafuta ya alizeti.

Veneranda hakubishana. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye injini, akauzungusha mkononi na kuketi juu ya jiwe. Hedwiga alimpelekea ujumbe mwenyekiti wa kijiji, Bwana Bernadi, naye akaja, akaomba kwa upole, kisha kwa ukali. Jua lilikuwa linapanda. Wengine walianza kumwambia maneno ambayo hayasemwi na watu wanaokwenda misa.

"Mama Asteria," Hedwiga alimwambia Veneranda, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "tukichelewa leo, tutakulaani mpaka unaingia kaburini."

"Nilaanini mkiwa hai," Veneranda alijibu. "Mnaweza kuyavua mkifika. Ndani ya boti yangu mtayafunga."

Waliyafunga. Alipita kwa kila mmoja akivuta fundo kwa mkono wake, nao wakitazama juu kama watoto wanaokatwa kucha. Naye akapanda, kwa sababu alijua asipopanda yatavuliwa kabla hawajapita mwamba wa kwanza.

Kwenda kulikuwa shwari, na hilo liliwapa la kumcheka njia nzima. Sherehe ilifana. Kwaya ya Ngumbo ilipigiwa vigelegele, na wakati wa kurudi watu walikuwa na furaha, wameshiba, wanapokezana nyimbo. Waliyafunga madumu bila ubishi. Veneranda alifurahi kuona hivyo, na kwa kuwa alifurahi hakupita kuvuta mafundo.

Walikuwa wameipita Liuli, jua bado lina nguvu, Pankras alipopunguza mwendo wa injini. Alikuwa anatazama magharibi, upande wa Malawi, ambako mstari kati ya maji na mbingu ulikuwa umefutika. Upepo haukuwapo. Mawimbi ndiyo yaliyotangulia, yakitokea kusini nyuma yao, makubwa na ya polepole, yanainyanyua boti na kuishusha. Pankras aliigeuza kuelekea nchi kavu. Hawakuwa wamefika mbali upepo ulipogonga kutoka ule upande uliofutika. Mawimbi ya kusini na mawimbi ya magharibi yakakutana chini yao kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Boti ilijaa mara moja. Haikupinduka kwanza. Ilikaa chini tu, kama ng'ombe aliyechoka, kisha ikalala ubavu.

Veneranda alikwenda chini. Miaka yote aliliogopa jambo lile, na lilipofika hakupata nafasi ya kuliogopa. Aliona giza la kijani, akasikia masikio yanapiga, kisha kitu kikamvuta kwapani kwa nguvu kama mzazi anayemnyanyua mtoto, akatokea juu akikohoa. Kila alipogeuka aliona njano ikipanda na kushuka. Watu walikuwa wanapiga mayowe, na upepo ulikuwa unayachukua mayowe yao kabla hayajafika popote.

Ndipo aliposikia sauti ya Hedwiga. Haikuwa inaimba wala kusali. Ilikuwa inaita vilevile alivyokuwa akiwaita kwenye mazoezi ya Jumamosi.

"Sauti ya kwanza!"

Wasichana wa sauti ya kwanza waliitika, mmoja huku, mwingine kule. Akaita sauti ya pili. Akaita ya tatu. Kila kundi lilipoitika, watu walijua waelekee wapi, wakasogeleana, wakashikana mikanda. Alipoita sauti ya nne, ile ya besi, waliitika wanaume, lakini sikio lake, lililoijua kila koo, likakosa moja.

"Fabiano," aliita. "Fabiano, kijana wangu, itika."

Akamwita mpaka sauti yake, ile ya kuamsha wafu, ikapasuka.

Mawimbi yaliwasukuma ufukweni, wengine juu ya mchanga, wengine juu ya mawe yaliyowachana miguu. Upepo ulipotulia, wavuvi wa pale walitoka na mitumbwi wakawaokota waliobaki. Jua lilikuwa halijazama. Wote walikuwapo isipokuwa Fabiano, ambaye aliyafunga madumu yake kwa kuyalegeza ili sare isikunjike. Jozi yake ilipatikana inaelea yenyewe. Yeye alipatikana siku ya pili.

Baada ya maziko maneno yakaanza. Nazari ndiye aliyeyatoa hadharani, kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya Bwana Bernadi na watu wote. Alianza kwa kumpa pole mama yake Fabiano. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, inakuwaje mwanamke asiyejua hata kuogelea ajue dhoruba itakuja mwezi ambao dhoruba haiji. Alisema waliozaliwa ziwani hawakujua. Bwana Huenda mwenyewe hakujua. Anayejua siku ya upepo, alisema, labda ni yule anayeuita. Akaongeza kwamba watu wasisahau Othmar naye alikufa Oktoba.

Hakuna aliyemkemea. Veneranda alihisi watu waliokuwa karibu naye kwenye benchi wanajivuta kidogo, kila mmoja kwa namna yake, mmoja akijikuna, mwingine akimtafuta mtoto, mpaka akabaki peke yake. Alijua maneno kama yale yanaishia wapi. Alijua nyumba za wajane zilizochomwa kwa maneno machache kuliko yale. Akasimama.

"Sikujua," alisema. "Ningejua, ningevuta mafundo wakati wa kurudi kama nilivyoyavuta wakati wa kwenda, na Fabiano angekuwa hapa. Hilo nitalibeba mimi, halina haja ya kuongezewa na Nazari. Mimi ni mtu wa milimani, ziwa hili silijui. Lakini na ninyi hamlijui tena. Mlilijua lile la baba zenu, lililokuwa na miezi ya kulala na miezi ya kuamka. Hili bado halijatuonyesha tabia zake. Mnaniuliza nilijuaje? Nilifunga madumu kwa sababu sijui. Ningekuwa mchawi anayejua siku, ningebaki nyumbani siku hiyo."

Alivuta pumzi.

"Niiteni mnavyotaka. Boti nitaijenga tena, na atakayepanda atafunga."

Akaketi. Kisha bibi Ottilia, ambaye tangu mwanawe azikwe hakuwa amesema neno kwenye mkutano wowote, alijinyanyua kutoka upande wa wanawake wazee. Alitembea taratibu, akishika mabega ya watu, mpaka kwenye benchi lile tupu, akaketi kando ya mkwe wake, ubavu kwa ubavu, kanga yake ikiufunika mkono wa Veneranda. Alimtazama Nazari.

"Aliyekufa Oktoba alikuwa mwanangu," alisema. "Kama kuna wa kuuliza, ni mimi. Siulizi."

Pankras akaja akaketi upande wa pili. Mwalimu Hedwiga naye akasogea, na mama yake Fabiano, ambaye alikuwa analia, akabaki alipokuwa lakini akaitikia kwa kichwa. Bwana Bernadi akasema mkutano uendelee na jambo la choo cha shule.

Boti ilikuwa imevunjika mbavu, ila injini iliopolewa, na fundi wa Liuli akaifufua. Veneranda alipanda Mbuji akamweleza baba yake, naye mzee akatazama miti iliyobaki shambani, akachagua. Kabla ya Pasaka mbao zilikuwa zimeteremka. Wakati boti inajengwa, kwaya ilijishonea mifuko ya madumu kwa vitambaa vilevile vya sare, bluu kwa bluu, ili wakivaa waonekane watu. Hedwiga alisema kama ni lazima kuonekana kituko, basi waonekane kituko kilichopangwa. Jozi ya Fabiano waliishonea pia, wakampelekea mama yake, naye akaitundika ukutani.

Oktoba nyingine ikafika. Watu walikuwa wanaingoja kwa hofu, na wengine, hawakulisema, kwa hamu, ili wajue nani mkweli. Haikutokea kitu. Ziwa lililala siku zote za mwezi ule kama zamani za mababu, maji yametulia mpaka milima ya ng'ambo ikaonekana imesimama ndani yake kichwa chini. Nazari alipita karibu na boti ya Veneranda akiwa amejaza abiria wasio na dumu kifuani, akampungia mkono, wakacheka. Wapo waliokuwa wameanza kufunga madumu waliorudi kwake. Pankras alikuwa anamtazama shemeji yake kwa pembe ya jicho, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba sasa inatosha.

Asubuhi moja ya mwezi huo alikuja mfanyabiashara kutoka Kingerikiti na magunia yake ya maharage, mtu mzima mwenye heshima zake, mgeni wa mambo ya pale. Alipopewa madumu aliyageuzageuza, akatazama ziwa, akatazama anga, akacheka kwa adabu.

"Mama," alisema, "leo hata jani halitikisiki."

Veneranda alitazama naye. Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa mazuri kuliko alivyowahi kuyaona tangu ateremke kutoka milimani.

"Naona, baba," alisema. "Inua mikono."

Akaukaza mkanda, akalivuta fundo kwa nguvu mpaka mzee akaguna, kisha akageukia aliyefuata.